Mtoto wa Mwaka wa Nzige

"Stima ikipotea, yale maneno huenda wapi?"

Susu aliniuliza hivyo mwaka wa mgao wa stima, akiwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, kopo la ugoro mkononi. Nilikuwa nimemweleza kwa nini nimerudi nyumbani mapema. Wakati huo nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Machakos, juu ya duka la dawa za mifugo, na mchana ule stima ilikatika katikati ya somo. Wanafunzi walipiga kelele kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameandika barua ya kuomba kazi na hakuna aliyekuwa ameihifadhi.

"Yanapotea, Susu."

"Najua yamepotea. Nauliza yamepotea yakaenda wapi."

"Hayaendi popote. Ni umeme tu. Ukiondoka, nayo hayapo."

"Ng'ombe akipotea huwa ameenda mahali," alisema. "Hata kama ni tumboni mwa mtu."

Nilikuwa na digrii ya kompyuta. Nilianza kumweleza kuhusu vijisehemu vidogo vinavyoshika umeme na kuuachilia, nikaona anavuta ugoro na kutazama kuku. Kilichoniudhi ni kwamba swali lilikuwa zuri. Mimi ndiye niliyejulikana nyumbani kwa maswali. Niliwahi kufukuzwa darasa la Jumapili kwa kuuliza samaki waliishi vipi wakati wa gharika, na kama waliishi, basi walikuwa na dhambi gani pungufu kuliko mbuzi. Sasa mwanamke ambaye hakuwahi kukalia dawati alikuwa amenibana.

Lakini labda si ajabu, kwa sababu tulikuwa na jina moja. Mimi ni mtoto wa kwanza, na kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba. Kwa hiyo Susu, yaani nyanya yangu, aliniita wajina, na baba yangu, mtu mzima mwenye mvi, aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Nilipokuwa mdogo nilidhani baba wote duniani huwaita binti zao mama. Nilipofika chuo kikuu nikaanza kuiona desturi hiyo kama njia ya kuhifadhi habari: jina likikaribia kufutika, linaandikwa upya kwenye mtoto. Nilimweleza baba ugunduzi wangu. Akasema, "Mwaitu, karo yote ile ni ya kuja kuniambia hivyo?"

Chuo chetu kilikuwa chumba kimoja chenye mapazia mazito. Wanafunzi walivua viatu mlangoni. Mwenye chuo aliamini kwamba vumbi ndilo huleta virusi kwenye kompyuta, na nilipomwambia kuwa virusi hivyo si uchafu wala wadudu, alinitazama kwa huruma akaniambia na mimi nivue. Nilifundisha nikiwa nimevaa soksi. Kila kompyuta ilifunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kama vile vya kufunikia makochi, na asubuhi tulivikunja taratibu kana kwamba tunamwamsha mgonjwa. Disketi wanafunzi walizibeba katikati ya Biblia ili zisipinde. Niliwaambia kuna kumbukumbu za aina mbili ndani ya kompyuta. Moja ni kama ubao wa darasani. Stima ikienda, ubao umefutwa. Nyingine ni kama ghala. Mahindi unayoweka leo, kesho utayakuta. Msichana mmoja wa Matuu akauliza kama ghala hilo huingia fukusi. Nikasema huingia. Wote wakaandika.

Mwaka huo huo ndipo mdogo wangu alipotaka kuolewa.

Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo kule Athi River. Hakushona suruali, alishona mifuko ya nyuma tu, ya kulia, kutwa nzima, na alisema akifumba macho anaiona ikipita. Huko alimpata kijana aliyekuwa akikata vitambaa, mtu wa Wamunyu, mpole, mwenye kicheko cha polepole. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Juu yangu mimi, jamaa walikuwa na maneno mengi. "Mdogo anaondoka, mkubwa yuko na kompyuta," shangazi wa mama yangu alisema kila tulipokutana sokoni. "Hiyo itakuzalia lini?"

Wazee wa kijana walikuja Jumamosi moja. Maombi yaliombwa, chai ikanywewa, mbuzi wakaanza kutajwa. Kisha baba mdogo wa kijana, mchonga vinyago ambaye hata nyusi zake zilikuwa na vumbi la mti, akatabasamu na kusema maneno ya kutufurahisha.

"Hata sisi hapa si wageni kabisa. Baba yangu mzazi alitoka upande huu. Aliletwa Wamunyu akiwa mtoto, mwaka ule wa nzige, wa njaa."

Aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna.

"Alitoka boma gani?" baba aliuliza.

"Hakujua. Alikuwa mdogo sana. Kuhusu mahali, alikumbuka tu mwamba mkubwa uliopasuka katikati, kama mkate."

Mwamba huo uko nyuma ya zizi letu. Mimi na mdogo wangu tuliutelezea mpaka sketi zetu zikatoboka. Hakuna mwingine kama huo katika milima yetu yote.

Kwetu mtu haoi ndani ya mbai yake, yaani ukoo ule mkubwa unaofuata baba. Ikiwa mtoto yule alizaliwa bomani kwetu, basi alikuwa wa mbai yetu, hata kama alilelewa na watu wengine, na mjukuu wake hangeweza kumwoa binti yetu. Mchonga vinyago alielewa alichosema baada ya kukisema. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama.

Wote tukamgeukia Susu. Ndiye pekee aliyebaki wa wakati ule. Alikuwa amelala kwenye kiti chake, au alijifanya. Wazee wakakubaliana kwamba watarudi mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo ntheo isingechinjwa, na bila mbuzi hao wa ntheo ndoa kwetu si ndoa, hata kama kanisa limejaa maua.

Shida ni kwamba Susu alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita baba kwa jina la babu yangu, marehemu mume wake. Asubuhi moja aliniuliza mimi kama nimemwona wajina wake, na nilipomwambia ni mimi, alicheka kwa adabu, kama mtu anayeona anataniwa na mgeni.

Nilisema waziwazi kwamba jambo lenyewe halina maana. Hata kama mtoto yule alikuwa wetu, ni vizazi vingapi vimepita? Na baba si mzee wa kanisa? Si yeye aliyesimama madhabahuni kusema mila zimepitwa?

"Mwaitu," baba alisema, "kanisa ni kanisa na mbai ni mbai. Wakipata mtoto akaugua homa kidogo tu, watu watasema nini? Huyo binti ataishi na maneno hayo."

Mdogo wangu alinifuata nje. Alikuwa amekonda. "Wewe uliza maswali yako yote ya dunia," aliniambia. "Mimi nataka jibu moja tu. Nipatie hilo halafu uendelee kubishana na baba."

Basi nikaingia kazini, kwa njia niliyoijua. Nilitengeneza faili katika kompyuta ya chuo, majina ya watu wa boma letu upande mmoja na miaka upande wa pili. Kwa kuwa watu wa umri wa Susu hawahesabu miaka kwa tarakimu, niliandika njaa zao: ile ya ndege, chakula kilipodondoshwa kutoka angani, ile nyingine nilipokuwa mtoto, watu walipokuwa na pesa mkononi na maduka hayana unga. Niliamini kila kitu kina mahali pake. Ukijua mahali, unakwenda, unachukua.

"Susu, mwaka wa nzige, palikuwa na mtoto hapa bomani?"

"Watoto walikuwa wengi. Nzige walikuwa wengi zaidi."

"Namsema yule aliyepelekwa Wamunyu."

"Nani alimpeleka? Wamunyu kuna jua sana."

"Alikuwa mtoto wa nani, Susu?"

"Wewe mbona unauliza kama polisi? Nimeiba?"

Siku moja mtoto alikuwa msichana. Siku nyingine hapakuwa na mtoto, palikuwa na mbuzi. Niliandika yote. Nilikuwa na disketi nzima ya majibu yanayopingana, na disketi hiyo ninayo mpaka leo, ingawa kompyuta ya kuisoma sina na sijui nani anayo. Mdogo wangu alipopiga simu kwenye duka la jirani jioni kuuliza, nilimwambia bado. Akauliza tena, na tena, mpaka sarafu zake zikaisha.

Kisha Jumamosi moja mama akanituma nje kutwanga muthokoi. Sikupenda kazi hiyo. Mahindi makavu yanatiwa kinuni, yanarashiwa maji kidogo, unatwanga mpaka maganda yatoke, na viganja vyangu vilikuwa vimelainika kwa kubonyeza herufi. Susu alinitazama kwa muda, akachukizwa. Aliinuka, akachukua mchi wa pili.

"Unatwanga kama unayempigia hodi mtu mwenye deni lako," alisema. "Sogea."

Tukatwanga wawili. Mchi wake ukishuka, wangu unapanda. Nilishangaa nguvu aliyokuwa nayo. Mkono uliotia chumvi kwenye chai haukukosea hata pigo moja, na mimi ndiye niliyeogopa kugonga mchi wake. Tulikuwa tumefika pale ambapo mwili unaenda wenyewe na mtu anaacha kuufikiria, ndipo akaanza kusema, bila kuulizwa, bila kuniangalia.

"Huyo alilia sana, huyo mtoto."

Nilitaka kusimama. Mama, aliyekuwa mlangoni na ungo, alinifanyia ishara kwa kidevu: twanga.

"Nani, Susu?"

"Usinikatize. Mama yake alikuja naye mgongoni kutoka upande wa Kitui. Miguu imevimba hivi. Alilala hapo penye banda la kuku. Akiwa bado na sauti alituambia mume wake alikuwa wa mbai gani, ili mtoto asipotee." Akaitaja. Ilikuwa mbai ambayo kwetu haina hata boma moja. "Asubuhi hakuamka. Mtoto nikampa uji wa mtama kwa kibuyu. Mkono ulinitetemeka, kwa sababu uji ulikuwa kidogo, na wa kwetu nao walikuwa wamesimama wakitazama kibuyu. Alikunywa macho yamefumbwa. Mbwa wa hapa alikuwa na roho mbaya, akamwuma hapa, nyuma ya goti. Nikampaka majivu. Pakabaki kovu kama jani. Ndipo akapita yule mchonga vigoda wa Wamunyu, hana mtoto, akasema, nipeni mimi. Nikampa. Nilimtazama mpaka akapita mwamba. Hakugeuka. Mtoto ndiye aliyegeuka."

Niliusikia ule uji. Sijui namna nyingine ya kulisema. Susu aliyasema hayo kwa Kikamba, na ninapoyaandika hapa kwa Kiswahili najua tayari nimeyabadilisha kidogo, lakini siku ile maneno yalitoka kamili, moja likivuta jingine, kama mtu anayevuta kamba kutoka kisimani na mwisho wake una ndoo. Nikashindwa kujizuia. Nikasimama.

"Susu, rudia hiyo mbai. Umesema ya nani?"

Mchi wake ulibaki juu. Alinitazama, akatazama kinu.

"Mbai ya nani?" alisema. "Mtoto gani?"

Sikupata zaidi. Nilijaribu tena kesho yake, na kinu na kila kitu, akaniimbia wimbo wa kulima matuta.

Ndipo nikaelewa kosa langu la mwezi mzima. Nilikuwa nikimwuliza Susu kama tunavyoiuliza kompyuta, kwa kutaja mahali. Yeye hakuwa na mahali. Alikuwa na mchi, uzito wake, sauti ya mahindi yanayochubuka, na kwenye hayo ndipo mambo yalipofungwa. Nilifurahi kwa ugunduzi huo kwa muda wa kama saa moja, kisha shaka ikanirudia, kama kawaida yangu. Mwanamke huyu wiki hiyo hiyo alikuwa amesema mtoto ni mbuzi. Kwa nini niamini toleo hili, kwa sababu tu ni zuri? Kwa sababu linampa mdogo wangu anachotaka? Mama alikuwa tayari anaimba jikoni. Baba alitaka kutuma habari Wamunyu.

"Ngoja," nilimwambia. "Usiwaambie lolote kuhusu kovu. Usiwaambie hata mbwa. Tuwaulize wao kwanza."

"Hilo ni sawa, mwaitu," alisema, na sikumbuki siku nyingine aliyokubali hoja yangu upesi hivyo.

Wazee walirudi mwisho wa mwezi. Mdogo wangu alikaa jikoni na mlango wazi. Aliweka maji motoni, yakachemka, yakakauka, akaweka mengine. Baba alisimulia habari ya yule mama aliyetoka Kitui na mtoto, akataja mbai, akaishia hapo. Mzee mmoja wa upande wetu akauliza ni nani atathibitisha maneno ya mtu ambaye akili yake imezeeka. Hakuwa mkali. Aliuliza tu, na lilikuwa swali ambalo mimi mwenyewe ningeliuliza. Nikainua mkono.

"Huyu naye?" mzee akasema. "Hapa ni shuleni?"

"Mwacheni," baba akasema. "Ana jina la mama."

Nilimgeukia mchonga vinyago. "Baba mdogo, marehemu mzee alikuwa na alama yoyote mwilini?"

Alinitazama bila kuelewa. Kisha akainama, akapandisha mguu wa suruali yake mwenyewe, akaweka kidole nyuma ya goti.

"Hapa," alisema. "Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukigombania kuligusa kovu lake, na yeye anacheka kwa kutekenywa. Lilikuwa na umbo la jani. Alisema ni mbwa, lakini hakujua mbwa wa nani."

Nilisikia sufuria ikianguka jikoni, na baada yake kilio ambacho hakikuwa cha kuungua. Baba aliniangalia, akaniangalia tena. Mzee aliyeniuliza kama ni shuleni alisema polepole, "Mbwa alikuwa wetu," kana kwamba anaomba radhi kwa niaba ya mbwa. Watu wakaangua kicheko, na katika kicheko hicho mbuzi wakaanza kutajwa upya.

Susu alikuwepo. Baba alipomalizia habari ya uji, mchonga vinyago alikwenda akapiga goti mbele ya Susu, akashika mikono yake miwili, akamshukuru kwa ule uji. Alisema baba yake alikuwa akisema kila mara kwamba kuna mwanamke aliyempa uji. Susu alimwuliza kama wamempa chai.

Ntheo ilichinjwa. Mdogo wangu akaondoka na godoro, masanduku mawili na cherehani, na mimi nikarudi kwenye soksi zangu na disketi. Kwa miaka mingi baadaye, katika vyuo vikubwa kuliko kile, nilisimulia habari ya Susu na mchi kila nilipofundisha somo la kumbukumbu. Niliwaambia wanafunzi kwamba ghala la binadamu halina namba milangoni. Niliwaambia kuwa shahidi anaweza kusahau jina lako na bado akabeba kovu la mtu mwingine, likiwa safi, kwa miaka sabini. Nilisimulia habari ya Susu hivyo hata kwenye mazishi yake. Wanafunzi walipenda. Mimi, niliyeshuku samaki wa gharika, sikuwahi kuishuku hadithi hiyo tena, maana nilikuwa nimeipima kwa mkono wangu.

Mwaka mmoja shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka Shimba Hills, alikohamia na mumewe kabla sijazaliwa. Hakuwa amehudhuria mambo ya ndoa ile. Alikuwa amekuja kumwona mtoto mchanga wa mdogo wangu, na tulikuwa tumeketi uani tukimenya mbaazi mbichi. Nikamsimulia. Nilimsimulia vizuri, nilikuwa na mazoezi. Nilipofika kwenye kibuyu, alinikatiza.

"Mama ndiye alikwambia alimpa uji?"

"Kwa mkono wake. Ulikuwa unatetemeka."

Shangazi aliendelea kumenya. "Aliyempa uji ni nyanya yangu," alisema. "Mama wa baba yangu. Alipokuwa hai hakuacha kuyasimulia hayo, na mama, mkaza mwanawe, ndiye aliyekaa naye akimsikiliza. Mwaka wa nzige mama alikuwa mtoto wa kuchunga ndama, kwao, ng'ambo ya Mto Athi. Boma letu hakulijua. Alipoolewa hapa, yule mtoto alikuwa kijana kule Wamunyu. Hawakuwahi kuonana."